Mitego ya Barabarani Inayowaangusha Waendesha Baiskeli

Mtu akigongwa na gari, majirani hukimbilia kumpa pole. Lakini akianguka na baiskeli peke yake, maneno huwa mengine: "Alikuwa mbio mno." "Labda alikuwa amelewa." "Watoto wa siku hizi hawasikii." Mwisho wa yote husemwa kwamba ajali haina kinga, na habari huishia hapo.

Sisi tulio katika kazi ya uuguzi, tunaposafisha vidonda vya mtu wa namna hiyo, hupenda kumwuliza swali moja zaidi: "Ulianguka mahali gani?" Swali hilo dogo hufunua mengi. Huyu atasema gurudumu lilizama kwenye mfuniko wa mtaro. Yule atasema alisukumwa nje ya lami na basi, akashindwa kurudi juu. Ndipo tunapoona kwamba barabara nayo ina sehemu yake katika lawama.

Uholanzi ni nchi yenye baiskeli nyingi kuliko watu. Watafiti wa huko walichunguza ajali za watu walioanguka bila kugongana na mwingine, wakaona kwamba karibu nusu zilihusiana na hali ya njia yenyewe. Ikiwa ni hivyo huko ambako baiskeli zimetengenezewa njia zake, je, sisi ambao waume na watoto wetu hupita kandokando ya malori?

Kwa nini mitego hii haionekani?

Gari lina magurudumu manne mapana. Likipita juu ya ufa, dereva husikia mtikisiko tu. Baiskeli ina magurudumu mawili membamba, na husimama wima kwa sababu mwendeshaji anageuza usukani kidogo kidogo kila wakati, hata bila kujua. Gurudumu la mbele likibanwa, usukani haugeuki tena, na baiskeli huanguka papo hapo. Kwa hiyo anayekagua barabara akiwa ndani ya gari anaweza kupita juu ya mtego asiutambue.

Mama mwenzetu, hii hapa mitego ya kuangaliwa.

1. Ukingo wa lami. Lami inapoongezwa tabaka juu ya tabaka, na mvua ikala changarawe ya pembeni, hutokea ngazi. Kushuka si taabu kubwa, taabu ni kupanda. Mwendeshaji akijaribu kurudi huku anakwenda sambamba na ukingo, gurudumu husuguana na lami, hukataa kupanda, naye huangukia upande wa magari. Mfundishe mwanao kwamba akishatoka nje ya lami asihangaike kurudi. Apunguze mwendo, ashuke, ainue baiskeli, kisha aendelee.

2. Mifuniko ya mitaro. Nondo za mfuniko zikilazwa kuelekea mwendo wa barabara, gurudumu huzama katikati yake na mtu hurushwa mbele kichwa kichwa. Zikilazwa kwa kukingama, gurudumu hupita salama. Ni jambo la kugeuza chuma tu. Kibaya zaidi ni pale mfuniko ulipoibwa ukauzwa kama chuma chakavu, na shimo likabaki wazi. Mvua ikinyesha, maji hulifunika, nalo huonekana kama dimbwi la kawaida.

3. Reli. Barabara inapovuka reli kwa mshazari, gurudumu huingia kwenye mfereji ulio kando ya chuma. Chuma chenyewe kikilowa, huteleza kama sabuni. Katika mji wa Knoxville, Marekani, njia ya namna hiyo iliangusha waendesha baiskeli wengi. Ilipopindwa ili ivuke reli kwa pembe kubwa zaidi, ajali zilipungua. Njia yetu isipopindwa, tunaweza kushuka na kuikokota baiskeli.

4. Madaraja membamba na makalavati. Nafasi ya pembeni huisha ghafla, na mwendesha baiskeli hujikuta katikati ya magari. Afadhali asimame kabla ya daraja, atazame nyuma, aache lori lipite, ndipo avuke.

5. Matuta yasiyo na rangi wala alama. Usiku hayaonekani kabisa. Yapo pia yale madogo ya mfululizo, ambayo wengi huyaita rasta, yanayotandazwa hadi pembeni kabisa bila kuacha upenyo wa baiskeli. Aliyebeba gunia la mkaa au madumu ya maji hupoteza usukani hapo kwa urahisi.

6. Mchanga kwenye kona. Barabara ya vumbi inapokutana na lami, kokoto na mchanga humwagika juu ya lami. Breki zifungwe kabla ya kona, si ndani ya kona.

Akishaanguka

Usiseme "ni michubuko tu" kabla hujamtazama vizuri. Kama alizimia hata kidogo, anatapika, anasinzia isivyo kawaida, anachanganyikiwa, au damu au majimaji yanatoka sikioni au puani, mpeleke hospitali bila kuchelewa. Akilalamika shingo, msimwinue kwa kumvuta mikono. Mwacheni alale, kichwa na shingo visitikiswe, mpaka msaada ufike. Kiungo kilichovimba na kupinda kisikandwe.

Jambo moja husahauliwa na wengi, nalo ni ncha ya usukani. Mtoto akiangukia tumbo juu yake, nje huonekana alama ndogo tu ya mviringo, kumbe ndani bandama, ini au kongosho limeumia. Dalili zaweza kuchelewa kwa saa nyingi, hata siku. Maumivu ya tumbo yanayozidi, kutapika, kupauka au jasho la baridi ni dalili za hatari. Umwambie mganga wazi kwamba aliumizwa na usukani. Na mwenye kidonda kilichoingia uchafu aulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

Kofia ngumu haizuii kuanguka, lakini hukinga kichwa. Uwezo ukiwapo, inunuliwe kabla ya redio ya baiskeli.

Tufanye nini?

Katika kikundi chetu cha akina mama tunaweza kuanza na jioni moja tu: kutembea kwa miguu njia ambayo watoto wetu hupita kwenda shule, na kuandika kila mtego na mahali ulipo. Mtego wa hatari uwekewe tawi lililofungwa kitambaa cheupe. Tusiweke mawe, maana usiku jiwe nalo huwa mtego mwingine.

Kisha orodha ipelekwe kwa maandishi kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji na kwa diwani, nasi tubaki na nakala. Hapa Tanzania, barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, iliyoanza mwaka 2000. Za wilaya, mijini na vijijini, ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Barua inayosema "barabara yetu ni mbaya" huwekwa kando. Barua inayosema "mfuniko wa mtaro mbele ya shule haupo" humpa fundi kazi ya kufanya.

Sheria ya Musa, katika Kutoka 21, ilimtaka aliyechimba shimo akaliacha wazi alipe fidia ya mnyama aliyetumbukia. Ikiwa ng'ombe na punda waliangaliwa hivyo, je, mtoto anayekwenda shule na daftari zake kwenye keria? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuanze na ule ufa ulio mbele ya nyumba yetu.