Waya wa bei ghali hauboreshi picha ya dijitali

KENYA ilipohama kutoka matangazo ya televisheni ya analojia hadi ya dijitali mwaka 2015, familia nyingi zililazimika kununua ving'amuzi. Swali ambalo hadi leo huwatatiza wanunuzi ni kuhusu waya unaounganisha king'amuzi na runinga: je, ule wa bei ghali huleta picha bora?

Jibu hutegemea aina ya waya. Ule wa analojia, wenye plagi za manjano, nyeupe na nyekundu, hubeba picha na sauti kwa mawimbi ya umeme yanayopanda na kushuka mfululizo. Kasoro yoyote njiani, iwe kutu au waya wa stima uliopita karibu, huyachafua mawimbi hayo. Matokeo yake ni picha yenye ukungu na sauti yenye mvumo. Hapa waya uliokingwa vyema huleta tofauti.

Waya wa dijitali aina ya HDMI, ambayo viwango vyake vilitangazwa mwaka 2002, hubeba picha na sauti pamoja kwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja. Mradi runinga iweze kuzitofautisha, picha hufika jinsi ilivyotumwa, waya uwe rahisi au ghali. Ukiwa na hitilafu, picha haififii polepole, bali hujaa vitone, hukatikakatika au hutoweka kabisa.

Kwa hivyo, muuzaji anayedai kuwa HDMI yake huongeza rangi anastahili kutiliwa shaka. Cha kuzingatia ni urefu na uwezo. Waya wa kawaida wa mita mbili hutosha king'amuzi, ilhali runinga ya 4K inayoonyesha picha 60 kwa sekunde huhitaji waya unaopitisha hadi gigabiti 18 kwa sekunde.

Kwa wakazi wa Kibarani na kisiwani Mombasa, ambako upepo wa bahari huja na chumvi, plagi iliyopakwa dhahabu hustahimili kutu. Hata hivyo, faida hiyo ni ya uimara, wala si ya ubora wa picha.

Mwenye runinga ya HD ambaye bado anatumia plagi ya manjano atanufaika akihamia HDMI, hata ya bei nafuu. Lakini ikiwa picha inagandaganda, akague kwanza antena na waya wake kabla ya kutoa pesa dukani.