Dawa ya Kolesteroli na Chakula

Nyumbani kwetu mimi ndiye nimsomeaye babu karatasi zitokazo katika paketi za dawa. Daktari amempa atorvastatini, dawa ya kupunguza kolesteroli, yaani aina ya mafuta ambayo yakizidi katika damu huziba mishipa. Jirani yetu hutumia lovastatini, naye humwonya babu asimeze kidonge chake kabla ya kula. Je, shauri hilo lafaa? Nimeona ni vema nieleze kwa ufupi niliyojifunza.

Dawa hizo mbili ni za jamaa moja iitwayo statini. Lovastatini ilikubaliwa na serikali ya Marekani mwaka 1987. Haiyeyuki vizuri katika maji, na mtu akiimeza tumbo likiwa tupu, damu hupata kiasi cha theluthi mbili tu ya ile ambayo ingepata baada ya chakula. Kwa hiyo vidonge vyake vya kawaida humezwa pamoja na chakula cha jioni. Atorvastatini sivyo. Chakula huichelewesha na kuipunguza kidogo, lakini kolesteroli hushuka vile vile. Basi jirani asema kweli juu ya kidonge chake, bali kwa babu si sharti.

Jambo la pili ni balungi. Katika ukuta wa utumbo mna kimeng'enya kivunjacho sehemu ya dawa kabla haijafika katika damu. Maji ya balungi hukiharibu kimeng'enya hicho, dawa ikaingia kupita kipimo, na ikizidi yaweza kudhuru misuli. Wala haitoshi kunywa balungi asubuhi na kumeza dawa usiku, maana utumbo huhitaji zaidi ya siku moja kutengeneza kimeng'enya kingine. Hatari hiyo imo katika lovastatini, simvastatini na atorvastatini. Pravastatini na rosuvastatini hazina shida hiyo. Babu apenda sana maji ya balungi, lakini tulipomwuliza daktari alimwambia ayaache, naye sasa hunywa maji ya nanasi.

Wanafunzi wenzangu, wasomeeni wazee karatasi za dawa zao. Tazameni jina la dawa, si rangi ya kidonge. Na mkiona jambo la kutia shaka, msiwakataze kumeza dawa. Nendeni kwanza mkamwulize daktari au mfamasia.