Neno la barabarani na neno la nyumbani

Wiki iliyopita, baada ya sala ya Alasiri, nilikuwa nimeketi barazani hapa Mji wa Kale, Mombasa, akanijia binti wa kakangu na daftari lake la insha. Alikuwa ameandika "ndia" mahali pa "njia", na "mato" mahali pa "macho". Mwalimu ameyapiga mistari myekundu yote mawili.

"Ami," akaniuliza, "mbona matatu imo kamusini, na neno la nyumbani kwetu ni kosa?"

Ndugu msomaji, sikuwa na jawabu la haraka. Mimi ni katika wale waliokunja uso miaka mingi kila walisikiapo neno la Sheng. Lakini matatu nalo lilikuwa neno la barabarani. Lilizaliwa Nairobi kutokana na nauli ya senti 30, mapeni matatu ya senti kumi kumi. Nauli ile imekufa, neno limebaki. Daladala la Dar es Salaam nalo vivyo hivyo, na leo ni nani atakayelifukuza?

Mzozo huu si mpya. Wanavyuoni wa Kiislamu waliwahi kuhitilafiana juu ya jambo zito zaidi: je, ndani ya Kurani Tukufu mna maneno yenye asili ya kigeni? Imamu Shafii alikataa. Wengine walitaja istabraq na sijjil, wakasema asili yake ni Kifarsi. Abu Ubaid al-Qasim bin Sallam akawasuluhisha: asili yaweza kuwa ya ugenini, lakini Waarabu walikwisha kuyachukua na kuyatamka kwa ndimi zao kabla ya Kurani kuteremka, basi yamekuwa Kiarabu. Hicho ndicho kipimo ninachokikubali. Neno lisiulizwe limetoka wapi, liulizwe limekaa muda gani, na kwa watu gani.

Kwa kipimo hicho, maneno mengi ya vijana yangoje kwanza. Neno la Sheng huvaliwa na mtaa mmoja, na likishajulikana na wazee, wenyewe hulivua wakavaa jingine. Mtunga kamusi akilikimbilia, kabla kitabu hakijatoka kiwandani limekwisha chakaa. Lililodumu na liingie, na pembeni liandikiwe kuwa ni la mitaani, ili mwanafunzi asilipeleke katika barua ya kuomba kazi.

Ama maneno ya intaneti, hapo nacheka. Vijana husema "pakua" na "pakia" wakidhani ni mapya. Pakua ni la mama na chungu chake cha wali. Pakia ni la mabaharia na majahazi yao. Hayakuhitaji ruhusa ya kuingia kamusini, yalikuwamo. Yameongezewa maana tu. Afadhali hivyo kuliko "kudaunilodi", ambalo hata ulimi wenyewe unalikwepa.

Linaloniuma ni lile la binti. Kamusi ya Krapf, iliyochapishwa London mwaka 1882, ilijaa Kimvita, maana mwenyewe aliishi Mombasa na Rabai. Kisha mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa, Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Sina ugomvi na Kiunguja. Lazima watu wawe na lugha moja ya kuandikiana. Lakini tangu hapo maneno yetu mengi yakahesabiwa kuwa lahaja, na mtoto akafundishwa kuyaonea haya. Leo watu wanagombania nafasi ya neno lililozaliwa jana, na hakuna anayeuliza habari ya "ndia", ambayo Muyaka bin Haji na wenziwe waliipita kabla ya kamusi yoyote kuandikwa.

Nimemwambia binti aandike "njia" katika mtihani, kwani mtihani hauna subira ya mabishano. Lakini ananitungia kaswida ya Maulidi, na ubeti wa tatu una "ndia". Huo nimemwambia asiuguse.