Namba Moja, Sura Nne

Tuseme mkulima wa Masakta, wilayani Hanang, amefungua duka la mtandaoni la vitunguu saumu. Mteja anaweza kuandika namba yake ya simu kwa kuanza na 0, au +255, au 255 bila alama, au akaacha nafasi kila baada ya tarakimu tatu. Sisi tunaona namba ileile. Kompyuta inaona vitu vinne tofauti.

Duka hilo lina programu nyongeza tatu: ya malipo ya simu, ya ujumbe mfupi na ya usafirishaji. Kila moja imeandikiwa mistari yake ya kusafisha namba: ondoa nafasi, ondoa alama ya kujumlisha, geuza sifuri ya mwanzo iwe 255, hakikisha zimebaki tarakimu 12. Aliyeandika ile ya ujumbe kasahau kuondoa nafasi. Malipo yanapita, ujumbe haufiki, na mteja anadhani ametapeliwa.

Dawa yake ni klasi saidizi: kipande kimoja cha msimbo kinachojua kusafisha namba, na programu zote tatu zinakiita. Magento, jukwaa la maduka lililotoka mwaka 2008, limezoesha watengenezaji kuweka klasi hizo kwenye folda iitwayo Helper. Kwa bahati mbaya folda hiyo hugeuka stoo: namba za simu, picha, tarehe, vyote humohumo. Klasi ya namba na ibaki ya namba.

Andrew Hunt na David Thomas, katika kitabu chao cha mwaka 1999, The Pragmatic Programmer, walisisitiza kwamba kinachopaswa kukaa mahali pamoja ni ujuzi. Mistari kufanana tu hakutoshi. Kenya inaonyesha kwa nini. Aprili 2020 kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14, kisha Januari 1, 2021 ikarudi 16. Aliyetawanya 0.16 kwenye mafaili yake hawezi kubadilisha zote kwa mkupuo, kwani nyingine huenda ni uzito wa pakiti ya viungo.

Hata klasi saidizi yenye kiwango kimoja tu cha kodi ingekosea. Bidhaa iliyouzwa Desemba 2020 ikirudishwa Januari, mteja anastahili kurejeshewa kodi ya asilimia 14 aliyolipa. Kwa hiyo klasi ya kodi hupewa bei pamoja na tarehe ya mauzo, ndipo itoe jibu.