Mashahidi wa Kichwani na Miguuni

Makaburi ya kale ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, yana nguzo za mawe zenye vishimo vya duara, kama macho yasiyo na mboni. Humo mlipachikwa sahani na bakuli za kaure zilizovuka bahari kutoka China. Nyingi zimeng'olewa, na kilichosalia ni alama ya kitako cha chombo kwenye chokaa. Hata kishimo kitupu kina habari: waliomzika aliyelala hapo walimudu kuweka chombo cha thamani mahali ambapo hakuna atakayekilia chakula.

Kwa kawaida, kaburi la Mwislamu wa pwani huwekewa alama mbili tu, moja kichwani na nyingine miguuni. Alama hizo huitwa mashahidi. Jina limewakaa barabara, kwa kuwa anayefuatilia ukoo wake huenda kuwahoji, nao hueleza wanachokijua na mengine huyanyamazia.

Wachache wanajua tarehe. Gedi, karibu na Malindi, kuna kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria. Msomaji mwenye pupa atajumlisha 622 na kupata 1424. Kumbe mwaka wa Hijria hufuata mwezi, nao ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi kuliko ule wa jua. Hesabu sahihi inatua 1399. Kosa la miaka 25 si dogo kwa mwenye kuchora nasaba. Linatosha kumfanya baba awe rika moja na mwanawe.

Takwa, katika kisiwa cha Manda, kuna kaburi la nguzo lenye mwaka 1094, yaani karibu na 1683. Mji wenyewe ulihamwa zamani na leo ni magofu kati ya mibuyu na mikoko. Lakini watu wa Shela, ng'ambo ya mlango wa bahari, wanahesabu asili yao huko, na mara mbili kwa mwaka huenda kusoma dua za mvua kwenye kaburi hilo. Hawaendi kutalii. Wanakwenda kwao.

Jina likiwepo, huja kwa mnyororo: fulani bin fulani bin fulani, na mwisho pengine nisba inayotaja kabila au mji, kama al-Barawi kwa aliyetoka Barawa. Mnyororo huo ni hazina, ila una upande mmoja. Umejaa baba na babu; mama hawamo. Huko Kaole, jirani na Bagamoyo, kuna kaburi la mwanamke ambalo hadi leo watu hulizuru kuomba baraka. Wanaliita la Sharifa, basi. Hicho ni cheo cha nasaba inayofika kwa Mtume, nacho kinamtambulisha kwa ukoo wa baba yake.

Ajabu ni kwamba waliokuja kuwataja mama ni mifupa. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa, kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi. Kwa wengi wa pwani, zaidi ya nusu ya asili yao ilitoka Afrika, hasa kwa wanawake. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia, hasa kwa wanaume wa Uajemi, na kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000. Masimulizi ya Washirazi kwamba babu zao walitoka Uajemi, ambayo wasomi wengi waliyabeza kuwa ni majigambo ya wakubwa, yalikuwa na chembe nene ya ukweli. Ila yalisahau nusu ya familia.

Na wasiokuwa na nguzo wala kaure? Hao ndio wengi. Mashahidi wao walikuwa vipande vya mti vilivyooza au mawe ya matumbawe yasiyo na herufi, maana wapo pia wanaoona kujengea kaburi kuwa ni kinyume cha sunna. Ramani yao imo vichwani mwa wazee: yule chini ya mwembe, huyu upande wa kibla wa msikiti. Siku za Idi jamaa wanapokuja kung'oa magugu na kusoma Yasini, watoto huonyeshwa kwa kidole nani kalala wapi, na somo la ukoo huishia hapo.

Anayetaka kuanza kuwahoji mashahidi hao asisugue maandishi kwa brashi ya chuma wala asiyapake chaki. Chokaa ya kale humeguka upesi. Apige picha asubuhi, jua likiwa la upande na vivuli vimejaa ndani ya herufi. Kabla ya hayo yote awaone wazee wa mtaa, abishe hodi, na aulize majina ya bibi kwanza. Ya babu huenda yapo ukutani.