Wadau katika Miradi Mikubwa ya Kompyuta

Watumishi wa Serikali pamoja na wananchi wanaelezwa kwamba mradi mkubwa wa kompyuta, uwe wa malipo, wa kumbukumbu au wa mapato, hauharibiwi na ubovu wa mashine peke yake. Mara nyingi huharibika kwa sababu ya namna wadau wake walivyoshughulikiwa: ama mahitaji yao yamepuuzwa, ama yote yamekubaliwa bila ya kupimwa. Kosa hili la pili ndilo husahauliwa sana.

Mfano wake ni mradi wa Taurus wa Soko la Hisa la London. Soko hilo lilikusudia kuondoa vyeti vya karatasi na kuweka kumbukumbu za umiliki wa hisa katika kompyuta, ndani ya daftari moja kuu. Wasajili, ambao kazi yao ni kutunza madaftari ya wenye hisa kwa niaba ya makampuni, waliona riziki yao inaondoka, wakapinga. Mabenki na madalali nao walikuwa na masharti yao. Ili kila upande uridhike, daftari kuu liliachwa na masharti yakaongezwa moja baada ya jingine, hata mfumo ukawa mzito usiomalizika. Mwezi wa Machi 1993 mradi ulifutwa, na Mtendaji Mkuu wa Soko, Peter Rawlins, akajiuzulu. Soko peke yake lilipoteza kiasi cha paundi milioni 75.

Wahenga walisema: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Kazi hiyo ikachukuliwa na Benki Kuu ya Uingereza. Wadau walikuwa wale wale; kilichobadilika ni uongozi na ukubwa wa lengo. Mpango mpya, ulioitwa Crest, ulikusudia mambo machache zaidi. Wasajili waliendelea na kazi yao, na mwenye hisa aliyependa kubaki na cheti chake cha karatasi aliruhusiwa. Mfumo huo ulianza kazi mwezi wa Julai 1996.

Kwa hiyo, maofisa wanaosimamia miradi ya namna hii wanashauriwa:

(a) Kuwaorodhesha wadau wote kabla ya kununua chochote, na hasa wale ambao mfumo utawapunguzia kazi au mamlaka.

(b) Kumsikiliza kila mmoja, na kuandika alichoomba pamoja na gharama yake.

(c) Kumteua kiongozi mmoja mwenye uwezo wa kukubali na kukataa, na kumweleza mdau sababu ya ombi lake kukataliwa.

(d) Kuanza na sehemu ndogo, na kuacha njia ya zamani itumike mpaka ile mpya ithibitike.

Mwananchi naye, anapoitwa kutoa maoni, asidharau wito. Fedha zinazopotea katika mradi uliokwama ni fedha zake, na foleni itakayobaki dirishani ni yake pia. Kusikilizwa ni haki ya kila mdau. Kukubaliwa kila anachotaka si haki ya yeyote.