Lebo za XML na Uhariri wa Historia ya Kilwa

Makala haya yanafafanua matumizi ya XML katika kuhariri matini zinazohitilafiana. Historia ya Kilwa imehifadhiwa katika matini mbili kuu: hati ya Kiarabu iliyochapishwa na Arthur Strong mwaka 1895, na muhtasari wa Kireno wa João de Barros, uliochapishwa mwaka 1552. Orodha zao za masultani hazilingani. Mhariri anayeziunganisha kuwa matini moja hufuta ushahidi wa tofauti hizo.

XML, iliyoidhinishwa mwaka 1998, ni kanuni ya kuandika lebo ndani ya matini. Makampuni huitumia ili programu zilizoundwa mbalimbali zibadilishane ankara na orodha za bidhaa. Vivyo hivyo, lebo <sultani> yaweza kubeba <jina> na <muda>, kila kimoja kikitajiwa chanzo chake. Sarafu zilizochimbuliwa Kilwa Kisiwani zaweza kuongezwa baadaye kama chanzo cha tatu, bila kuvuruga vile viwili.

Hata hivyo, kanuni hii ina mpaka. Lebo ya ndani sharti ifungwe kabla ya ile inayoizunguka. Kwa hiyo, sentensi inayovuka kurasa mbili haiwezi kuzungukwa na lebo ya sentensi na ya ukurasa kwa pamoja. Wahariri hutatua hilo kwa lebo tupu, inayoonyesha tu mahali ukurasa unapoanzia.

Kompyuta huthibitisha kwamba lebo zimefungwa sawasawa. Kuamua nani alitawala Kilwa, na lini, kunabaki kuwa kazi ya mtaalamu.